Mchezaji na Wasimulizi Wake

Mwanadamu akiondoka duniani huacha vitu viwili nyuma yake: matendo aliyoyatenda, na hadithi inayosimuliwa juu ya matendo hayo. Matendo ni yake mwenyewe. Hadithi ni ya watu. Mara nyingi vitu hivi viwili hufanana kama uso na kivuli chake majini. Lakini pengine upepo huvuma, maji huchafuka, na uso ulionyooka huonekana umepindika. Kazi ya mhakiki ni kutazama uso na maji pamoja, asije akamlaumu mtu kwa kosa la upepo.

Katika insha hii nataka tuhakiki hadithi ya mchezaji mmoja wa kandanda, Justin Fashanu wa Uingereza. Mwaka 1990 alitamka hadharani kwamba yeye ni mwanamume anayependa wanaume wenzake, na hakuna mchezaji wa kulipwa wa nchi ile aliyewahi kutamka hivyo kabla yake. Sitahakiki mabao yake, kwa maana mabao hujihakiki yenyewe. Nitahakiki wasimulizi wake wanne: kocha, gazeti, ndugu na filamu. Wote walisimulia maisha ya mtu mmoja, lakini hawakupima kwa mizani moja.

Huenda msomaji akauliza: Ya nini kwenda Uingereza kutafuta kisa, na sisi tu watu wa Usenge, wenye ziwa letu na mambo yetu? Jibu ni kwamba kandanda ya Uingereza imekwisha kufika Usenge kabla yangu. Watu wa ufuo huu wanaupenda mpira tangu zamani. Walishangilia klabu ya Gor Mahia ilipoundwa mwaka 1968, wakakesha kwa furaha mwaka 1987 ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunisia. Leo hii, mbalamwezi ikiwa kali na omena hawavuliki, wavuvi hujaa katika vibanda vya kutazamia mpira, na macho yao yote huwa Uingereza. Walipiga kelele mwaka 2019 Divock Origi, ambaye baba yake Mike Okoth aliichezea Kenya, alipoifungia Liverpool bao katika fainali ya Ulaya. Wako vijana wanaoyajua majina ya wachezaji wa London kuliko majina ya mito ya nchi yao. Basi wakizijua jezi za watu wale, si vibaya wakajua na habari ambazo hazikuandikwa juu ya jezi.

Tena liko jambo katika ufuo wetu litakalotusaidia kukielewa kisa hiki, nalo ni mizani ya samaki. Mvuvi akileta mbuta, samaki huangikwa, mshale huyumba kidogo, kisha hutulia na kusema uzito. Mizani haimwulizi mvuvi analala wapi, anasali wapi, wala anampenda nani. Mnunuzi mdanganyifu akitaka kumdhulumu mvuvi, hawezi kumfanya mbuta awe mwepesi, huichezea mizani. Naomba msomaji aukumbuke mfano huu, kwa sababu kiwanja cha mpira nacho ni mizani. Mpira ukivuka mstari, ni bao; usipovuka, si bao. Hii ndiyo heshima ya mchezo, na ndiyo sababu maskini na tajiri huweza kuutazama pamoja. Wanaotaka kumdhulumu mchezaji hawawezi kuliondoa bao lake wavuni, huichezea mizani.

Sasa tuyatazame matendo kwanza. Justin Fashanu alizaliwa London tarehe 19 Februari 1961. Baba yake alikuwa mwanasheria kutoka Nigeria, na mama yake alikuwa muuguzi mwenye asili ya Guyana. Wazazi walipoachana, Justin na mdogo wake John walipelekwa katika makao ya watoto ya Barnardo, kisha wakachukuliwa na kulelewa na Alf Jackson na mkewe Betty, Wazungu wa kijiji cha Shropham katika jimbo la Norfolk. Wakakua pale wakiwa watoto weusi katika kijiji cha weupe, wakishikana mikono kama watu wawili wavukao mto wenye maji mengi.

Justin alikuwa na mwili wa nguvu, akajifunza ndondi, lakini mpira ulimshinda ndondi. Aliichezea Norwich City mara ya kwanza Januari 1979, akiwa bado hajatimiza miaka 18. Februari 1980 timu yake ilicheza na Liverpool, bingwa wa Uingereza wakati ule. Kijana aliupokea mpira nje ya eneo la hatari, mgongo wake ukiwa umeelekea lango. Aliuinua kidogo kwa mguu mmoja, akageuka, na kabla haujagusa ardhi akaupiga kwa mguu wa pili, ukaingia wavuni mlinda mlango akiruka bure. Norwich ilishindwa siku ile mabao 5 kwa 3, lakini bao hilo moja lilichaguliwa kuwa bao bora la msimu. Katika michezo 90 ya ligi aliyoichezea Norwich alifunga mabao 35. Agosti 1981 klabu ya Nottingham Forest ilimnunua kwa pauni milioni 1, naye akawa mchezaji mweusi wa kwanza nchini Uingereza kufikia bei hiyo. Alikuwa na miaka 20.

Hapa ndipo msimulizi wa kwanza anapoingia, naye ni kocha wa Forest, Brian Clough. Huyu hakuwa mtu mdogo. Aliiongoza timu yake kutwaa Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, mwaka 1979 na 1980, na neno lake lilikuwa kama sheria. Katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1994, Clough alieleza jinsi alivyosikia uvumi kwamba Fashanu huenda katika klabu ya usiku ya wanaume wapendanao, akamwita. Alimwuliza mahali mtu aendapo akitaka mkate, na mahali aendapo akitaka mguu wa kondoo. Kijana akajibu kama mwanafunzi ajibuvyo mwalimu. Ndipo kocha akamtupia swali la tatu, lenye neno la matusi ndani yake: kwa nini basi anakwenda katika klabu ile?

Tuyapime masimulizi haya kama tunavyopima ukurasa wowote wa riwaya. Jambo la kwanza ni hili: maswali yote ni ya kocha. Kijana hana sentensi iliyo yake isipokuwa majibu mafupi aliyotegewa, kama ndege ajaye kwenye mtego wa punje mbili tatu. Jambo la pili ni kwamba msimulizi amekipanga kisa ili tucheke. Swali la mkate ni jepesi, swali la nyama ni jepesi, na la tatu hushuka kama rungu. Msomaji hucheka, na kicheko kinapokwisha, hukumu imekwisha kupita wala hakuna shahidi aliyeitwa. Jambo la tatu ni kubwa zaidi: mifano ya kocha haihusiani kabisa na mpira. Mkate hauna bao, wala mguu wa kondoo haupigi kona.

Nataka kuwa wa haki kwa Clough, kwa sababu mhakiki asiye wa haki ni mgomvi tu. Fashanu hakufanya vizuri Forest. Katika michezo 32 ya ligi alifunga mabao 3 peke yake. Mwalimu wa timu akimwona mshambuliaji wa pauni milioni 1 anafunga mabao 3, ana haki ya kumweka benchi, ana haki ya kumkemea, na ana haki ya kumuuza. Hoja hii ilikuwa mkononi mwa kocha, nayo ilikuwa halali. Ajabu ni kwamba aliichanganya na hoja nyingine isiyo halali, hata ikawa vigumu kujua ni ipi iliyomwondoa kijana. Alimpiga marufuku kufanya mazoezi na wenzake. Na Fashanu alipokuja mazoezini licha ya katazo hilo, kocha aliwaita polisi wamtoe. Naomba msomaji afikiri: polisi huitwa kwa mwizi na kwa mpiganaji. Ni mwalimu gani wa mpira aliyepata kumwitia polisi mshambuliaji kwa sababu ya kukosa mabao?

Desemba 1982 Fashanu aliuzwa kwa Notts County kwa pauni 150,000. Katika miezi 16 bei yake ilishuka ikawa chini ya sehemu moja ya sita ya bei ya kwanza. Huko Notts County alifunga mabao 20 katika michezo 64 ya ligi. Hesabu hii haisemi kwamba alikuwa mchezaji mkubwa kuliko wote. Inasema kwamba miguu ilikuwa bado inaujua mpira, na kwamba kilichovunjika Forest hakikuwa miguu peke yake.

Baadaye goti lake liliumia vibaya, akahangaika kati ya Uingereza na Amerika akitafuta matibabu na timu. Ndipo msimulizi wa pili anapotokea, nalo ni gazeti. Tarehe 22 Oktoba 1990 gazeti la The Sun la London lilichapa habari ya Fashanu kutamka kwamba anapenda wanaume. Habari ile aliwauzia yeye mwenyewe, na jambo hili lisifichwe. Lakini tazama kichwa cha habari kilivyopangwa. Kilianza kwa bei, pauni milioni 1. Kisha kikataja mchezo. Mwisho ndipo ikaja siri. Bei hiyo ilikuwa ya miaka tisa nyuma, wala hakuna klabu ambayo wakati ule ingeilipa. Gazeti lilihitaji bei ili mwanguko uonekane mrefu. Anayeandika hivi hasimulii maisha ya mtu, anapiga mnada.

Siku zilizofuata ziliongezwa habari za mapenzi na watu wakubwa, na baadaye Fashanu mwenyewe alikiri kwamba baadhi ya mambo yalitiwa chumvi. Hapa tunajifunza tofauti baina ya kusema ukweli na kuuza ukweli. Asemaye ukweli huchagua maneno yake na kiasi chake. Auzaye humwachia mnunuzi kisu, na mnunuzi hukata anapopenda. Simsifu Fashanu kwa biashara ile, lakini namwelewa. Mtu aliyezungukwa na uvumi kwa miaka kumi, ambaye kila mtu humsimulia isipokuwa yeye, anaweza kuona kwamba ni heri auze kisa chake kuliko kuibiwa.

Baada ya siku ile alicheza wapi? Hakupata nafasi ya kudumu katika klabu kubwa. Aliyempokea ni Torquay United, timu ndogo ya mji wa pwani, aliyoichezea tangu 1991 na akafika hadi kuwa msaidizi wa kocha. Kisha alikwenda Scotland, akacheza Airdrieonians na Heart of Midlothian. Watazamaji wa viwanja vingi walimwimbia nyimbo za kumtukana, kwanza kwa rangi yake, pili kwa mapenzi yake. Torquay haikuwa na kombe la Ulaya, haikuwa na pauni milioni, lakini iliangika mizani ikampima mchezaji kwa mchezo wake. Heshima ya klabu, kama heshima ya mtu, haifuati ukubwa wa nyumba.

Msimulizi wa tatu ni yule aliyekuwa karibu naye kuliko wote, ndugu yake John. Huyu naye alikuwa mchezaji hodari. Mwaka 1988 alitwaa Kombe la FA pamoja na Wimbledon, waliposhinda Liverpool iliyotazamiwa kuwashinda. Justin alipotamka siri yake, John alizungumza na The Voice, gazeti la watu weusi wa Uingereza, akamkana ndugu yake na kumwita mtu aliyetengwa.

Wahenga wetu husema damu ni nzito kuliko maji. Lakini methali si ahadi. Ni deni, na kila kizazi hutakiwa kulilipa. Tukiyahakiki maneno ya John, tunasikia hofu zaidi ya chuki. Alikuwa mtu mweusi katika mchezo ambao bado ulimtazama mtu mweusi kwa jicho la shaka, na alikuwa na jina moja na nduguye. Kila tusi lililotupwa kwa Fashanu mmoja liliweza kumwangukia Fashanu mwingine. Mtu akiogopa kuzama hujinasua hata kutoka mikononi mwa ndugu yake. Tunaweza kumwelewa bila kumsifu. Mwenyewe, miaka ilipopita, alisema hadharani kwamba anajuta; na binti yake, Amal, mwaka 2012 alitengeneza kipindi cha televisheni ya BBC akiwauliza watu wa mpira kwa nini hakuna aliyethubutu kumfuata baba yake mkubwa. Basi deni ambalo ndugu alishindwa kulilipa, mtoto alianza kulilipa. Lakini malipo yalikuja wakati mdai hayuko.

Msimulizi wa nne ni filamu ya mwaka 2017 iitwayo Forbidden Games, iliyoongozwa na Jon Carey na Adam Darke. Hii ni kazi bora kuliko zile tatu, kwa kuwa inawaleta mashahidi wengi, na Fashanu mwenyewe anaonekana na kusikika katika picha za zamani. Mtazamaji hupata angalau nafasi ya kusikia pande mbili. Hata hivyo, filamu na vitabu vya huruma vina hatari yake, na mwanafunzi wa fasihi hana budi kuijua. Aliyetukanwa sana jana huenda leo akatakaswa kupita kiasi. Mtu akifanywa shetani hapati haki, na akifanywa malaika hapati pia, kwa maana katika hali zote mbili yeye mwenyewe hayumo.

Fashanu hakuwa malaika. Mwaka 1994 aliachishwa kazi na klabu ya Hearts baada ya kujaribu kuwauzia waandishi habari za kuwahusisha wanasiasa naye. Mwaka 1998, alipokuwa akifundisha mpira Maryland nchini Marekani, kijana wa miaka 17 alimshtaki kwa polisi kuwa alimfanyia shambulio la kijinsia. Fashanu alikana, akaondoka akarudi Uingereza. Mwanzoni mwa Mei 1998, akiwa na miaka 37, alijiua mjini London. Shauri halikupata kusikizwa mahakamani. Kwa hiyo yule kijana hakupata haki ya kusikilizwa, na mshtakiwa hakupata haki ya kujibu. Hatuna ruhusa ya kulifuta shtaka lile kwa sababu tunamhurumia Fashanu, wala hatuna ruhusa ya kulifanya hukumu kwa sababu tunachukia alivyokuwa. Tunaloweza kusema kwa yakini ni kwamba kifo chake hakikufumbua jambo hata moja. Kijana ye yote anayelemewa na moyo wake, kwa sababu hii au nyingine, na amwendee mtu mzima anayemwamini, aseme. Mzigo unaosemwa hupata mikono ya pili ya kuubeba.

Sasa tuzijibu hoja mbili ambazo nazisikia zikinong'onwa nyuma ya darasa.

Hoja ya kwanza husema kwamba haya ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu Waafrika. Wenye kusema hivi na wamkumbuke Eudy Simelane wa KwaThema, Afrika Kusini. Alikuwa kiungo wa timu ya taifa ya wanawake, Banyana Banyana, na alitamani kuwa mwamuzi katika Kombe la Dunia la 2010 lililochezwa nchini mwake. Hakuficha kwamba anapenda wanawake. Tarehe 28 Aprili 2008 alibakwa na kuuawa karibu na kwao, akiwa na miaka 31. Baada ya hapo lilijengwa daraja dogo la waenda kwa miguu likapewa jina lake. Huyu hakuzaliwa London, hakulelewa na Wazungu, wala hakuuza habari zake kwa gazeti. Na hapa Kenya kisa cha namna hii kimekwisha kuingia katika sanaa. Mwaka 2018 Wanuri Kahiu alitengeneza filamu iitwayo Rafiki, ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, mmoja wao akiwa mcheza mpira pamoja na wavulana wa mtaani. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa. Bodi ya filamu iliipiga marufuku nchini Aprili mwaka ule, na Septemba mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu. Jambo linalohitaji siku saba za mahakama haliwezi kuwa la Wazungu peke yao.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na lazima ijibiwe kwa adabu. Husema kwamba sheria ya nchi na dini za wazee wetu zinayakataza mapenzi ya namna hii. Ni kweli kwamba Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyokataza matendo hayo. Ni kweli vilevile kwamba Februari 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyohiyo iliamua kuwa watu wa namna hii nao wana haki ya kuandikisha chama chao kama raia wengine. Kuhusu dini, kila msomaji ana nyumba yake ya ibada na walimu wake, wala insha hii haikuandikwa kushindana nao. Lakini na tuitazame hoja yenyewe. Sheria huhukumu mtu mbele ya hakimu, kwa ushahidi, na kwa kipimo kilichoandikwa. Dini humhukumu mbele ya Mungu wake. Hakuna sheria ya Kenya iliyomruhusu mtazamaji wa mpira kutupa mawe, wala kitabu kitakatifu kinachohesabu mabao. Clough hakuwa hakimu, na wale waliopiga kelele viwanjani hawakuwa makasisi. Walichukua mizani ya mpira wakapimia jambo lisilopimwa kwa mpira. Ni kama mtu achukuaye mizani ya mbuta akataka kupimia sala.

Maneno nayo yana sehemu yake katika kuharibu mizani. Neno shoga, kwa asili yake katika mwambao, ni neno la upole ambalo mwanamke humwitia rafiki yake mpenzi. Likichukuliwa na vijana na kurushwa kiwanjani, hugeuka jiwe. Nimesikia likitupiwa mvulana aliyekosa penalti, mvulana aliyelia, na mvulana aliyekataa kupigana. Hakuna kati yao aliyekuwa ametamka lo lote juu ya mapenzi yake. Hivyo ndivyo lilivyo tusi: huanza kwa kumlenga mmoja, likaishia kuwatawala wote, hata kila mvulana akacheza kwa hofu ya neno moja. Na anayecheza kwa hofu hachezi vizuri.

Je, dunia ya mpira imebadilika? Imebadilika kwa mwendo wa kobe. Oktoba 2021 Josh Cavallo wa Adelaide United nchini Australia alitamka hadharani kama alivyotamka Fashanu. Mei 2022 Jake Daniels wa Blackpool, kijana wa miaka 17, alifanya hivyo huko Uingereza, naye akawa mwanamume wa kwanza baada ya Fashanu kutamka akiwa bado anacheza mpira wa kulipwa nchini humo. Toka 1990 hata 2022 ni karibu miaka 32. Mtoto aliyezaliwa siku ya habari ile ya gazeti alikwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto wake kabla wa pili hajapatikana. Wachezaji waliopita katika ligi za Uingereza kwa muda huo ni maelfu. Kimya cha miaka 32 hakithibitishi kwamba hawakuwako. Chathibitisha kwamba walikuwa wamekisoma kisa cha Fashanu, wakakielewa kama walivyofundishwa na wasimulizi wake. Februari 2020, miaka karibu 22 baada ya kufa kwake, jina lake liliingizwa katika ukumbi wa sifa wa Makumbusho ya Taifa ya Kandanda ya Uingereza. Bao la mwaka 1980 lilikuwa lilelile; halikuongezeka uzuri wala kupungua. Kilichorekebishwa ni mizani.

Nyinyi mnaosoma insha hii mtakuwa wasimulizi, mpende msipende. Kila jioni baada ya mchezo mnasimulia habari za wenzenu njiani mkirudi nyumbani, na wengine wenu mtakuwa waandishi, makocha, mahakimu na wazazi. Kila mnapopewa hadithi ya mtu, iwe kitabuni au njiani, iulizeni maswali matatu. Kwanza: Ni nani aliyeshika kalamu, na anapata faida gani? Pili: Mwenye kisa amepewa sentensi ngapi zilizo zake? Tatu: Kosa analoshtakiwa linahusiana na jambo linalopimwa, au limeletwa kutoka nje kuichezea mizani? Kocha wa Forest anashindwa katika swali la pili na la tatu, gazeti linashindwa katika la kwanza, na ndugu anashindwa kwa sababu ya hofu. Filamu inafaulu zaidi, lakini nayo yataka kusomwa kwa macho mawili.

Si lazima kila msomaji akubaliane na maisha ya Justin Fashanu. Mhakiki haombwi kukubali, anaombwa kupima. Lakini apimaye na apime kwa kipimo cha haki: mchezaji kwa mchezo wake, mwanafunzi kwa kazi yake, mvuvi kwa samaki wake. Mtu akizoea kuichezea mizani kwa ajili ya yule asiyempenda, mkono wake hauwezi kunyooka tena hata anapompimia ndugu yake.